Fundi Anajibu: TV inasema, mbona haionyeshi?

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: televisheni ya chogo inatoa sauti, picha hakuna. Nimeamua ukurasa wote niuweke hapo. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote hapa karakanani kwangu Ngamiani, Tanga, na inaniuma kuona TV nzima zinauzwa kwa kilo. Vinyozi bado wanazo, migahawa inazo, wazee wetu wanazo vyumbani. TV inayosema bila kuonyesha haijafa. Kuna kitu kimoja kimekatika kati ya pale picha inapoingia na pale inapotokea, na mara nyingi kitu hicho ni kidogo.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina TV ya chogo ya inchi 21 aliyoniachia marehemu mume wangu. Tangu juzi sauti inatoka vizuri, taarifa ya habari naisikia yote, ila kioo ni cheusi. Alikuja fundi wa mtaani, hata hakuifungua, akasema kioo kimekufa niwauzie wanaokusanya vyuma chakavu. Kijana wangu naye anataka kuifungua mwenyewe. Nifanyeje? – Mama wa Pangani

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa kufiwa.

Kwanza mwombe kijana aweke bisibisi chini. Simkatazi kujifunza, namkataza kwa sababu ya kilichomo mle ndani. TV ya rangi ya inchi 21 ikiwaka hupeleka kwenye kioo umeme wa volti 20,000 hadi 25,000, kupitia waya mnene unaoishia kwenye kofia nyeusi ya mpira iliyogandishwa juu ya kioo. Kioo huweza kuuweka umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa, pengine kwa siku kadhaa. Chini kwenye bodi kuna kapasita kubwa yenye volti 300 na zaidi, na hiyo mimi naiogopa kuliko ile ya juu, kwa kuwa shoti yake ina nguvu ya kuua. Tena ndani ya kioo hakuna hewa, na shingo yake ni nyembamba. Bisibisi ikiteleza ikaigonga shingo, hapo ndipo kioo kitakuwa kimekufa kweli. Kwa hiyo haya nitakayokueleza yote unayafanya kifuniko cha nyuma kikiwa kimefungwa.

Anza na king'amuzi, usianze na TV. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012 na mikoa mingine kuanzia 2013, TV zetu za chogo hazinasi tena chochote kwa antena yake yenyewe. Zinalishwa na king'amuzi. Nacho huleta picha na sauti kwa nyaya mbalimbali: wa njano unabeba picha, mwekundu na mweupe zinabeba sauti. Waya wa njano ukikatika kwa ndani, au pini yake ikilegea tunduni, utasikiliza taarifa ya habari kuanzia mwanzo hadi hali ya hewa na hutaona kitu. Watu wamewahi kuniletea TV juu ya bodaboda kutoka mbali, wameishikilia njia nzima, na ugonjwa wenyewe umebaki nyumbani kwenye waya.

Kupima ni rahisi. Chomoa waya wa njano pande zote mbili, halafu chukua ule mweupe uuchomeke kwenye matundu ya njano, king'amuzini na kwenye TV. Kwa jaribio kama hili nyaya hizo hazina tofauti, ni rangi tu. Picha ikija na sauti ikabaki upande mmoja, nenda dukani kanunue waya mpya na mambo yameisha. Isipokuja, peleka king'amuzi kwa jirani mkakijaribu kwenye TV yake, maana tundu la njano la king'amuzi nalo hufa. (Kama king'amuzi chako kimeunganishwa kwa waya mmoja wa antena, ruka hatua hii. Waya huo unabeba picha na sauti pamoja.)

Sasa chukua remoti ya TV yenyewe, siyo ya king'amuzi, ubonyeze MENU. Kama remoti ilipotea zamani, bonyeza vitufe vya sauti vilivyo chini ya kioo. Tazama kama maandishi au ile mistari ya sauti inatokea. Ikitokea, mama, kioo ni kizima na umeme wake unafika. Kilichokosekana ni picha ya kuingia tu. Hapo utakuwa umepata jibu la kumpa yule fundi.

Kama hata maandishi hayatoki, subiri usiku, zima taa zote, washa TV kisha chungulia kwenye vile vijitundu vya nyuma, pale chogo linapochongoka. Usiingize kitu humo, tazama tu. Unatafuta mwanga mdogo wa rangi ya chungwa ndani ya shingo ya kioo. Hiyo ni hita, ndiyo inayopasha moto sehemu inayotoa elektroni, na bila ya joto lake hakuna picha. Kisha rudi mbele, izime TV, ngoja kidogo, iwashe tena huku umeuweka mkono wako karibu na kioo bila kugusa. Vinyweleo vikisimama na ukasikia mchakacho mwembamba, umeme mkubwa umefika kwenye kioo.

Andika ulichokiona kwenye karatasi, kwa sababu mambo haya mawili yanamfupishia fundi safari. Hita inawaka na vinyweleo vinasimama: ubovu uko zaidi kwenye bodi ndogo iliyovikwa shingoni mwa kioo, au kwenye njia ya picha kabla ya kufika hapo. Vinyweleo vinasimama lakini hita haiwaki: mara nyingi risasi ya kuchomelea imeachia kwenye mguu wa rezista ndogo inayopeleka umeme wa hita, na dawa yake ni kuchomelea upya. Vyote viwili havipo: flaibaki, yaani transfoma inayozalisha ule umeme mkubwa wa kioo, haifanyi kazi, ama yenyewe ni mbovu, ama transista inayoisukuma haipati kazi. Usishangae sauti kuendelea katika hali hiyo. TV nyingi huchukua umeme wa spika moja kwa moja kutoka sehemu ya pawa, haupiti kwenye flaibaki.

Kuhusu kufa kwa kioo. Kioo kinachokufa kwa uzee huaga muda mrefu. Picha huanza kuchelewa kutokea baada ya kuwasha, inakuwa na giza, sehemu nyeupe zinang'aa kwa namna ya fedha iliyofifia, rangi moja inapungua kuliko wenzake. Hayo huchukua miezi, hata miaka. Yako ilikuwa inaonyesha, juzi ikazima ghafla. Njia ya haraka ya kioo kufa ni kupasuka shingo na kuingiza hewa, na hilo nalo lina alama yake: ndani ya shingo kuna doa lenye rangi ya fedha, na hewa ikiingia doa hilo hugeuka jeupe. Fundi akishafungua kifuniko anaweza kukuonyesha kwa kidole. Fundi anayesema kioo kimekufa bila kutazama hita wala doa hilo anabahatisha, na anabahatisha kwa mali yako. Usimruhusu. Mwite mwingine, umpe karatasi yako, na umwambie kila kifaa atakachokibadilisha akuachie kile kibovu.

SWALI: Shikamoo mzee. Najifunza ufundi Muheza. Mwenye karakana amenifundisha kwamba TV ikikosa picha niongeze SCREEN kwenye flaibaki mpaka mwanga utoke, kisha nimpe mteja. TV mbili nilizozifanyia hivyo zimerudi, moja picha ina ukungu mweupe na mistari, ya pili inajaa rangi nyekundu na mistari kisha inazima yenyewe. Naomba unieleweshe. – Mwanafunzi wako

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote, nami nitakujibu kwa urefu kwa kuwa wewe utazifungua TV za watu.

Flaibaki ina vifundo viwili. Cha juu ni FOCUS, kinachokaza picha isiwe na ukungu. Cha chini ni SCREEN, kinachoongeza volti kwenye G2, gridi ya pili iliyo ndani ya shingo ya kioo. Kwa TV nyingi huwa mahali fulani kati ya 300 na 600. Ukiipandisha, kioo kinavuta elektroni nyingi bila kujali picha inasemaje. Ndiyo maana unaona ukungu na mistari myembamba ya mshazari: hiyo ni safari ya mwale kurudi juu ya kioo, ambayo kwa kawaida hufichwa. Mteja anapewa TV inayong'aa, kioo kinachakaa kwa kasi, na ubovu umebaki ulipokuwa. Hiyo siyo tiba hata kidogo.

Lakini SCREEN ni chombo kizuri cha kuuliza. Chora alama ya kalamu kwenye kifundo ujue kilipokuwa. TV ikiwa inawaka, mkono mmoja nyuma ya mgongo, kwa bisibisi ya plastiki, pandisha kidogo tu, tazama mbele kwa kioo cha kujitazamia, kisha urudishe kwenye alama. Kioo kitakwambia jambo.

Ukiona mwanga umejaa na ile mistari ya mshazari, kioo kinaweza kazi. Nenda kwenye bodi ya shingoni upime zile kathodi tatu, sehemu zinazotoa elektroni, moja kwa kila rangi. Picha ikiwa ya kawaida huwa zinacheza kati ya volti 100 na 150. Zikiwa zote tatu zimepanda hadi kufikia volti za laini yake, 180 au 200, basi rangi zote zimefungwa kutoka mbele: IC (chipu) ya picha haitoi kitu, au imeamriwa kuficha. Zikiwa chini zote, TV hutoa mwanga mkali mno hata bila kugusa SCREEN, na hapo laini ya 180 imekosekana. Fuata dayodi yake, rezista ndogo iliyo mbele yake, na kapasita ya 10 µF volti 250. Kapasita hiyo hukauka, na ikikauka huwezi kuijua kwa macho.

Ukiona mstari mmoja uliolala katikati, mtambo wa kutawanya picha juu na chini umekufa na TV ilikuwa imejificha kulinda kioo chake. Nitalirudia hilo kwenye barua inayofuata.

Usipoona chochote, pima G2 kwenye bodi ya shingoni kwa mita inayofika volti 1,000. Mita itaishusha kidogo, usijali. Haipandi ukizungusha? Zima, mwaga umeme wa kioo, toa bodi ya shingoni, utazame kapasita ndogo ya volti 2,000 iliyo kwenye njia hiyo na soketi ya kioo yenyewe. Kapasita hiyo ikivuja, na soketi ikila chumvi, G2 huishia ardhini njiani. Vyote vikiwa safi, flaibaki ndiyo mbovu.

Soketi hii naomba uiandike kwenye daftari, kwa sababu vitabu vingi vya ufundi vimeandikwa na watu wasioishi karibu na bahari. Kwetu huku, kuanzia Moa mpaka Kilwa na visiwani kote, hewa yenye chumvi inaingia kwenye soketi ya kioo na kufanya kutu ya kijani kwenye pini ya FOCUS. Dalili yake ni TV inayowaka na picha ya ukungu, halafu dakika kumi na tano baadaye inakaza yenyewe kadiri joto linavyokausha unyevu. Wengi huibadilisha flaibaki kwa hilo, mteja analipa, ukungu unabaki. Badilisha soketi. Kuisafisha kwa spirit husaidia kwa muda, lakini kutu iko ndani usikofika.

Mambo mawili yatakayokuokoa. Volti za hita zimeandikwa 6.3, ila ukipima kwa mita ya kawaida utapata 3 au 4 na utadhani ni pungufu. Umeme ule unatoka kwenye flaibaki kwa mapigo 15,625 kwa sekunde, na mita yako imetengenezwa kwa 50. Amini macho: ikiwaka rangi ya chungwa, inatosha. La pili, usipime kamwe mguu wa kolekta wa transista inayosukuma flaibaki TV ikiwa inawaka. Mapigo yake yanazidi volti 1,000, yataua mita na pengine wewe. Pima laini ya B+, umeme mkuu unaoilisha flaibaki, kwenye kapasita yake ya volti 160, utapata kitu kati ya 105 na 130 kutegemea TV. Na ukiipima transista hiyo ikiwa imezimwa, kumbuka nyingi, mfano D2499 au D1555, zina dayodi ndani na rezista ndogo kati ya besi na emita. Utaona omu arobaini au hamsini hapo. Siyo shoti, usiitupe.

Ukishabadilisha transista, usichomeke TV moja kwa moja ukutani. Funga balbu ya zamani ya wati 100, yenye utambi, kwa mfululizo kwenye laini ya umeme. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado kuna shoti na transista yako mpya imesalimika. Inabidi uitafute balbu hiyo, maana za kisasa hazifai kwa kazi hii.

Kuhusu TV yako ya pili, uliyosema inajaa rangi nyekundu na mistari kisha inazima yenyewe: huenda hita imegusana na kathodi nyekundu ndani ya kioo. Gonga shingo taratibu kwa mpini wa plastiki wa bisibisi uone kama nyekundu inapepesa. Ikiwa ndivyo, kuna njia ya kukirefushia kioo maisha. Kata njia ya hita kutoka kwenye bodi, uilishe kwa waya wako wenye ganda imara uliouzungusha mara mbili au tatu kwenye chuma cha flaibaki kinachoonekana nje, usiuunganishe na ardhi. Mguso unabaki palepale, lakini hauna pa kupeleka umeme. Anza na mizunguko michache, tazama mwanga wa hita, usiifanye iwe nyeupe. Na mweleze mteja ulichofanya.

Msalimie mwenye karakana. Mwambie TV zinazorudi ndizo zinazofunga karakana.

SWALI: Fundi, TV ya kwenye saluni yangu inaonyesha mstari mmoja mweupe unaong'aa katikati, sauti ipo. Naiacha hivyo hivyo wateja wasikilize muziki. Ina madhara? – Kinyozi, Korogwe

JIBU: Ina madhara, kaka, izime leo. Mwanga wote uliopaswa kutawanyika kwenye kioo kizima unaunguza sehemu moja, na alama hiyo haitafutika hata TV ikitengenezwa. Kama ni lazima uwe na muziki, punguza mwanga wa picha kwenye menyu mpaka mstari usionekane.

Ugonjwa wenyewe ni wa bei nafuu. Kuna IC moja iliyofungwa kwenye bati la kupoza, LA7840, TDA8172 au ndugu zake, ndiyo inayosukuma picha juu na chini. Inapata joto kali, na risasi ya miguu yake hupasuka duara dogo lisiloonekana bila lenzi. Mwambie fundi achomelee upya miguu yote kabla ya kubadilisha chochote, kisha apime kama volti zake, kwa kawaida 24 hadi 26, zinafika. Akibadilisha IC bila kuchunguza kapasita zilizo jirani, ile mpya nayo itaungua.

SWALI: Tumeweka sabufa kubwa pembeni ya TV. Sasa kona ya kulia imekuwa zambarau na nyuso za watu kijani. Je, kioo kinakufa? – Dada wa Chake Chake

JIBU: Hapana. Sumaku ya spika inavuta mwale wa elektroni na kuupeleka kwenye rangi isiyo yake. Sogeza sabufa mita moja au zaidi. Kisha zima TV kwa swichi yake kubwa, siyo remoti, iache ipoe nusu saa nzima, uwashe tena. Ule mvumo mfupi unaousikia inapowaka ni koili inayofuta sumaku, na hufanya kazi vizuri ikiwa baridi. Rudia siku mbili tatu. Zambarau ikigoma kabisa, kuna kifaa kidogo kinachoilisha koili hiyo, posista, kimekufa.

SWALI: Huku Kilindi kijijini nina TV ndogo ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, natumia betri ya gari na sola. Picha inasinyaa pande zote halafu inapotea, sauti inabaki inakoroma. Pia nimenunua king'amuzi, hakina pa kuingia kwenye TV hii. – Mkulima

JIBU: Baba, TV yako haina kosa, ina njaa. TV hizi zinahitaji volti 12 kamili na ampea moja na zaidi. Betri ikishuka kuelekea 11, umeme wa kioo unapungua na picha inasinyaa kutoka pembeni. Pima betri TV ikiwa inawaka, siyo ikiwa imezimwa. Ukikuta betri ni nzuri na kwenye TV zinafika 10 tu, lawama ni za waya mwembamba mrefu au vibanio vyenye kutu. Weka waya mnene na mfupi. Na angalia sana chanya na hasi unapounganisha, maana ukigeuza unaweza kuunguza vilivyomo.

Usiiendeshe betri mpaka TV izime yenyewe kila usiku. Betri ya gari haikutengenezwa kukamuliwa hivyo, itakufa mapema na utailaumu sola.

Kuhusu king'amuzi: TV yako ina tundu la antena peke yake, haina yale matundu ya rangi. Tafuta king'amuzi chenye tundu lililoandikwa RF OUT, au ununue kifaa kidogo kiitwacho modyuleta, kinachopokea njano na nyekundu upande mmoja na kutoa waya wa antena upande wa pili. Kisha zungusha kitafuta stesheni cha TV, upande wa UHF, polepole mpaka picha itokee. Kabla hujalipa, dai waijaribu dukani kwa TV ya namna yako. Uliza pia kama king'amuzi kinakubali volti 12 moja kwa moja, kwa sababu vipo vinavyotaka umeme wa ukutani tu, na utalazimika kununua inveta.

SWALI: Fundi, TV yetu umeshatuambia haifai tena, flaibaki haipatikani na kioo kimefifia. Vijana wa vyuma chakavu wanaivunjia palepale uani wachukue shaba. Kuna ubaya? – Mjukuu wa bibi, Makorora

JIBU: Upo, mjukuu wangu, na nashukuru umeuliza kabla hawajafika. Kioo cha TV ya rangi kina madini ya risasi ndani yake, hasa sehemu ya nyuma ya chogo, yaliyowekwa kuzuia mionzi. Na upande wa ndani wa uso wake umepakwa unga wenye kemikali. Kikivunjwa uani, vipande na vumbi hilo vinabaki pale watoto wanapocheza na kuku wanapodonoa. Tena kwa kuwa hakina hewa, kikigongwa kwa nyundo hujivuta kwa ndani kwa nguvu na vipande hurushwa nje. Vijana wanaovunja hawavai hata miwani.

Shaba wanayoitaka ni koili iliyovikwa shingoni, na hiyo hutoka bila kuvunja kitu, kwa bisibisi, baada ya umeme wa kioo kumwagwa. Niletee TV karakanani. Nitavua koili, spika, bodi na transfoma, baadhi nitavitumia kwa TV za wengine, na nitamlipa bibi thamani yake. Kioo nakihifadhi kizima mpaka nipate wa kukipeleka kwa wanaokusanya vifaa chakavu vya umeme kwa utaratibu.

Kuileta, ibebeni watu wawili, kioo kikielekea kifuani kwa mbebaji, kwa sababu uzito karibu wote uko mbele. Ichomoeni tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, na ndani ya gari ilazeni kifudifudi, kioo chini, juu ya blanketi lililokunjwa.